Ruzuku za Mafunzo ya Utafiti wa Tiba: Mzigo wa Fomu Umehamia kwa Nani?

Uwanda wa Moiben, nje kidogo ya mji wa Eldoret, husifiwa kwa ngano, mahindi na wanariadha. Haisemwi sana kwamba nyanda hizi za juu za Kenya zimo katika ukanda wa Afrika Mashariki ambako saratani ya umio huwapata watu wengi kupita kiasi, wakiwemo vijana ambao kwingineko duniani wangehesabiwa kuwa wadogo mno kuugua maradhi hayo. Kuanzia mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, akiwemo Diana Menya, wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, waliwahoji wagonjwa wa saratani hiyo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, wakawalinganisha na watu wasio na ugonjwa huo. Katika maswali yao mlikuwa na moja ambalo kila nyumba ya eneo hilo ingeweza kulijibu: chai unainywa ikiwa moto kiasi gani? Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kuwa wanaoinywa ingali moto sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hiyo.

Mtu wa kuuliza swali kama hilo, kulipima kwa njia inayokubalika kisayansi na kulitetea mbele ya wenzake duniani, haokotwi njiani. Huchukua miaka mingi kumfunza baada ya shahada ya kwanza: takwimu, maadili ya utafiti, kazi ya maabara, uandishi wa makala. Kwa zaidi ya miongo mitatu sehemu kubwa ya gharama ya mafunzo hayo Eldoret imelipwa na ruzuku za nje, na ruzuku kubwa kabisa zimetoka Marekani. Sasa masharti ya kuziomba yamebadilika, tena zaidi ya mara moja ndani ya mwaka mmoja. Mageuzi hayo yametangazwa kwa majina ya kupendeza, kurahisisha na kuleta uwazi, lakini ukiyatazama kutoka Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, unaona kitu kingine: mzigo umeondolewa mabegani mwa mtafiti na kutwikwa taasisi yake. Kwenye ofisi imara ya kusimamia ruzuku mageuzi haya ni fursa. Pasipo na ofisi hiyo, mlango umefungwa kimyakimya.

Ili kuelewa kilichobadilika ni lazima kwanza kutazama mambo yalivyokuwa. Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza 1990. Wakati huohuo ukazaliwa ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la AMPATH na kujumuisha vyuo vingine vya Amerika Kaskazini. Janga la UKIMWI lilipofikia kilele, ushirikiano huo uligeuza wodi na zahanati kuwa mahali pa kutibu na pa kujifunza kwa pamoja. Kumbukumbu za wagonjwa zilizoanza kuingizwa kwenye kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001 zilizaa mfumo mkubwa zaidi, na mwaka 2006 Eldoret ikawa mahali pa kwanza kutumia OpenMRS, programu ambayo leo imesambaa katika nchi nyingi. Mwaka huohuo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilianza kugharimia muungano wa IeDEA, unaokusanya takwimu za tiba ya UKIMWI kutoka kanda mbalimbali za dunia. Eldoret ni nguzo ya kanda ya Afrika Mashariki.

Takwimu zilipokuwa nyingi, wachambuzi wakawa wachache. Hapo ndipo ruzuku za mafunzo zilipoingia. Kituo cha Kimataifa cha Fogarty, kilichoanzishwa 1968 ndani ya NIH, hutoa ruzuku maalumu ya kuwafunza watafiti wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaohusika nayo huiita kwa msimbo wake, D43. Kwa ufadhili wa kituo hicho Moi na Indiana walianzisha mafunzo ya maadili ya utafiti hadi ngazi ya uzamili. Moi na Chuo Kikuu cha Brown wakaanzisha mpango uliopewa jina la Kiswahili, NAMBARI, wa kuwafunza wanatakwimu wa utafiti wa VVU, chini ya Ann Mwangi wa Moi na Joseph Hogan wa Brown. Brown iko Rhode Island, jimbo alikotoka John Fogarty, mbunge aliyepigania afya ya umma na ambaye kituo hicho kina jina lake.

Namna fedha zilivyosafiri ndiyo kiini cha suala zima. Mara nyingi chuo cha Marekani ndicho kilichoomba na kupewa ruzuku. Kisha chuo hicho kiliingia mkataba na mwenzake wa Kenya na kumpitishia sehemu ya fedha kama ruzuku tanzu. Kwa mpango huo ofisi za Indiana au Brown ziliandaa bajeti, zikajaza majedwali, zikajibu barua za NIH na kubeba lawama za wakaguzi wa hesabu. Eldoret ilitoa wanafunzi, wagonjwa, walimu na maswali ya utafiti. Ulikuwa mpango wenye nafuu na wenye dosari: kazi ilifanyika, lakini ujuzi wa kuomba na kusimamia fedha ulibaki ng'ambo.

Badiliko la kwanza lilianza kutumika tarehe 25 Januari 2025, na kwa sehemu kubwa lilikuwa zuri. Kwa maombi ya mwanafunzi mmojammoja, vigezo vya tathmini vilipunguzwa kutoka vitano hadi vitatu, na gredi za masomo zikaondolewa kabisa: haziombwi tena wala haziruhusiwi kuwekwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba watathmini walikuwa wakiyumbishwa na jina la chuo na sifa za msimamizi maarufu, badala ya kumpima mwombaji mwenyewe na mpango wake. Mkenya akisikia hivyo anatega sikio, kwa kuwa kwake gredi ya mtihani wa kidato cha nne humfuata mtu hadi kwenye mahojiano ya kazi akiwa na miaka arobaini. Wakenya wengi hawawezi kuomba ruzuku hizo za mtu binafsi, kwa kuwa nyingi ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, lakini msingi wa fikra hiyo unastahili kuigwa na wafadhili wa hapa nyumbani.

Kwa upande wa programu za mafunzo zinazoendeshwa na taasisi, majedwali ya takwimu yalipunguzwa. Ahueni hiyo si ndogo. Majedwali hayo yalitaka kila mwalimu aorodheshwe na ruzuku zake, wanafunzi aliowahi kuwasimamia, makala walizochapisha na waliko sasa. Kwa chuo chenye hifadhidata, hiyo ni kazi ya wiki chache. Chuo ambacho taarifa za wahitimu wake zimo kwenye mafaili ya kila idara kililazimika kuwapigia simu watu mmojammoja. Papo hapo, uzito uliwekwa upya kwenye malezi ya kitaaluma. Haitoshi tena kuorodhesha maprofesa kumi na watano wenye wasifu mrefu. Programu inatakiwa kueleza walezi hao wamefunzwa wapi kazi ya kulea, nani anawafuatilia, na mwanafunzi asiyeelewana na mlezi wake anakimbilia kwa nani.

Sharti hilo linagusa mahali penye kidonda. Katika vyuo vikuu vya Kenya, uhusiano wa mwanafunzi wa uzamivu na msimamizi wake ni jambo la heshima na umri kabla halijawa jambo la kazi. Mwanafunzi anaweza kusubiri miezi kadhaa sura moja irudi na asithubutu kuuliza. Tangu 2019 maombi ya programu za mafunzo yamelazimika kuambatana na barua iliyotiwa saini na mkuu wa taasisi, ikiahidi mazingira salama yasiyo na unyanyasaji, na kabla ya hapo kulikuwa na mpango wa lazima wa mafunzo ya maadili ya kazi ya utafiti: angalau saa 8, kurudiwa katika kila hatua ya taaluma na kwa uchache kila baada ya miaka minne. Unapoziweka pamoja, karatasi hizi zinamlinda mwanafunzi kuliko kanuni nyingi za ndani. Wanaozilaumu kuwa urasimu wa wageni wangefanya vyema kuwauliza wanafunzi kwanza.

Lakini mwaka uleule ulioanza kwa kurahisisha uliingiwa na tufani. Mpango wa kuvutia wanafunzi wa makundi yaliyo pembezoni, uliokuwa sehemu ya lazima ya maombi ya programu za mafunzo, ulifutwa na utawala mpya wa Marekani. Ruzuku nyingi zilizohusishwa na mada hiyo zilikatishwa zikiwa njiani. Misaada ya nje ilisimamishwa tangu Januari, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID, lililokuwa likigharimia sehemu kubwa ya huduma za VVU magharibi mwa Kenya, lilifunga shughuli zake rasmi. Hilo si jambo la pembeni kwa mtafiti mwanafunzi: zahanati ikipoteza wafanyakazi, utafiti unaofanywa ndani ya zahanati hiyo unapoteza miguu. Pendekezo la bajeti ya Marekani la mwaka wa fedha 2026 likataka Kituo cha Fogarty chenyewe kifutwe. Pendekezo kama hilo lilitolewa pia 2017, na Bunge la Marekani likalikataa.

Tukio lililogeuza mpango mzima, hata hivyo, lilikuwa la tarehe 1 Mei 2025. NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena wala kuendeleza ruzuku yenye ruzuku tanzu ya nje mpaka muundo mpya uwepo. Hoja yake ilikuwa ufuatiliaji: wakaguzi wa serikali ya Marekani walikuwa wamesema kwamba fedha zikishapita mkono wa pili, NIH haijui vya kutosha zinakokwenda. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Namna ilivyotekelezwa ndiyo iliyoumiza, kwa kuwa njia ya zamani ilifungwa kabla njia mpya haijachongwa. Mwanafunzi aliyekuwa katika mwaka wake wa pili, mwenye sampuli kwenye friza na karo ya muhula mbele yake, hakuwa na wa kumuuliza.

Septemba mwaka huo muundo mpya ukatangazwa. Taasisi ya Marekani na ya nje zinaomba pamoja, lakini sehemu ya nje inakuwa mradi wenye namba yake, bajeti yake na mkataba wake wa moja kwa moja na NIH. Kwenye karatasi, haya ndiyo waliyoyadai wasomi wa Kiafrika kwa miaka mingi: fedha zije moja kwa moja, bila kupitia mlangoni kwa mwingine. Kulikuwa hata na mfano wa kuigwa. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha mpango wa MEPI, uliotoa takriban dola milioni 130 kwa miaka mitano kuimarisha elimu ya udaktari Afrika, na ruzuku zake zilikwenda kwa vyuo vya Afrika vyenyewe, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwemo. Lakini MEPI ilikuja na muda wa kujiandaa na fedha za kujenga ofisi. Mageuzi ya 2025 yanataka ofisi iwe tayari siku ya kutuma maombi.

Na ofisi hiyo inafanya nini hasa? Chukua hatua ya kwanza tu, ya kusajili taasisi. Ili kuomba ruzuku ya NIH, chuo kinahitaji kwanza msimbo wa utambulisho unaotolewa kwa taasisi zilizo nje ya Marekani kwa utaratibu wa NATO. Kisha kinajisajili katika mfumo wa serikali ya Marekani wa SAM na kupewa namba ya kipekee, iliyochukua nafasi ya namba ya DUNS mnamo Aprili 2022. Kisha katika mfumo wa maombi wa serikali. Kisha katika mfumo wa NIH wenyewe, ambako ofisa wa taasisi na mtafiti mkuu kila mmoja anafungua akaunti yake. Jina na anwani lazima vifanane herufi kwa herufi katika mifumo hiyo. Na hapa ndipo Kenya inapojikwaa: anwani yetu rasmi, iliyochapwa kwenye barua zote na hati zote, ni sanduku la posta na msimbo wa 30100, Eldoret. Mfumo wa SAM haukubali sanduku la posta kuwa mahali taasisi ilipo; unataka barabara na jengo. Mtu mmoja akiandika "Barabara ya Nandi" upande huu na mwenzake akaandika kwa namna tofauti upande ule, usajili unakwama, barua pepe zinaanza kwenda na kurudi, na wiki zinakatika. Usajili huo pia hufa baada ya mwaka usipohuishwa. Andiko lililochukua miezi minane kuandikwa linaweza kurudishwa bila kusomwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubofya kitufe cha kuhuisha.

Saa ya mwisho nayo ina mtego wake. Maombi hufungwa saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali taasisi inayoomba ilipo. Chuo cha Marekani kikiwa ndicho mwombaji, Eldoret ilikuwa na saa saba au nane za ziada. Eldoret ikiwa mwombaji, saa kumi na moja jioni ya Uasin Gishu ni saa tatu au saa nne asubuhi Washington. Dawati la msaada la NIH huwa limefunguliwa saa chache tu kabla. Hitilafu ikitokea asubuhi siku hiyo, hakuna wa kupokea simu kwenye dawati hilo.

Kuna pia suala la gharama za uendeshaji: umeme, mhasibu, ulinzi, intaneti, paa la maabara. Katika ruzuku za utafiti, vyuo vingi vya Marekani hujadiliana na serikali yao na kupata zaidi ya nusu ya gharama za moja kwa moja kama nyongeza. Februari 2025 NIH ilipotangaza kuishusha nyongeza hiyo hadi asilimia 15, majimbo na vyuo vilikimbilia mahakamani, na mahakama ya Boston ikazuia hatua hiyo. Walisema maabara zao zingeanguka. Taasisi za nje ya Marekani zimekuwa zikipewa asilimia 8 kwa miaka na miaka. Ruzuku za mafunzo hupewa kiwango hichohicho cha asilimia 8 hata ndani ya Marekani, lakini huko chuo kina ruzuku nyingine mia za kulipia ofisi. Ni lazima lisemwe waziwazi: haiwezekani kudai kwamba asilimia 15 itaua chuo cha Massachusetts na wakati huohuo kuitarajia Eldoret ijenge ofisi ya usimamizi yenye wahasibu, mawakili na wataalamu wa takwimu kwa asilimia 8.

Sharti jingine la kutazamwa kwa makini ni la data. Tangu Januari 2023, maombi mengi ya utafiti ya NIH lazima yawe na mpango wa kutunza na kushirikisha data. Tangu 2024, taasisi ya nje inayopokea ruzuku tanzu ilitakiwa kumwezesha mwenye ruzuku kuzifikia daftari za maabara na data zote angalau mara moja kwa mwaka. Rasimu ya kwanza ilitaka mara nyingi zaidi ya hapo. Watafiti wakapinga, sharti likalegezwa. Somo lipo hapo kwa wanaodhani kuandika maoni ni kupoteza muda.

Kenya nayo ina masharti yake, na mwanafunzi hukutana nayo yote kwa mpigo. Kamati ya maadili ya hospitali na Chuo Kikuu cha Moi lazima ipitishe itifaki. Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, lazima itoe leseni kwa mujibu wa sheria ya 2013. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka masharti ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi, za afya zikiwa katika kundi nyeti zaidi. Desemba 2025 suala hili lilitoka maofisini likafika mitaani: tarehe 4 Kenya ilitia saini makubaliano ya afya na Marekani, yenye ahadi ya hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu inayohusu kupeleka data za afya za Wakenya, kufuatia kesi ya watetezi wa wateja. Mwanafunzi wa uzamivu anayeandika ukurasa wake wa mpango wa data anasimama katikati ya nguvu hizo mbili: mfadhili anayesema shirikisha, na sheria ya nchi yake inayosema linda. Zinapatanika, kwa ridhaa iliyoandikwa vizuri na taarifa zilizoondolewa majina, lakini kuzipatanisha ni kazi ya mwanasheria. Kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi hiyo ni kumwonea.

Hapa ndipo tofauti kati ya mjini na Moiben inapojitokeza. Ndani ya Eldoret, ushirikiano wa AMPATH una ofisi ya utafiti yenye uzoefu wa miaka mingi: watu wanaojua mifumo, wanaokumbuka tarehe, waliowahi kukataliwa wakaomba tena. Kilomita tisa hivi kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Ziwa, upande wa Moiben, kipo Chuo Kikuu cha Eldoret, Chepkoilel. Mahali hapo palianza 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa, pakawa chuo cha walimu 1984, bewa la Chuo Kikuu cha Moi 1990, na chuo kikuu kinachojitegemea 2013. Nguvu yake ni kilimo, mazingira, uvuvi na sayansi za msingi. Hakina hospitali ya kufundishia. Lakini maswali mengi ya tiba ya eneo hili yanaanzia shambani kabla ya kufika wodini: ukungu wa aflatoksini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, dawa za kunyunyizia ngano, maji ya visima, mifugo inayoambukiza watu. Mtaalamu wa biokemia wa Chepkoilel na daktari wa saratani wa mjini wanahitajiana. Masharti mapya, yanayomtaka kila mshiriki wa nje awe na usajili wake na uwezo wake, yanaweza kuwatenganisha kwa sababu za karatasi tu.

Dawa yake haiko mbali. Hakuna sheria inayozuia vyuo vya ukanda mmoja kushirikiana katika ofisi moja ya usimamizi wa ruzuku, yenye mhasibu anayejua kanuni za Marekani na za Ulaya, mwanasheria wa data, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kalenda. Kinachokosekana ni uamuzi wa nani ataitwa mwenye ofisi, jambo ambalo katika vyuo vyetu huchukua muda mrefu kuliko kuandika andiko lenyewe.

Zipo pia ruzuku zilizobuniwa Afrika, na masharti yake yanaonyesha kwamba fomu inaweza kuandikwa na mtu anayemjua mwombaji. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, una Chuo Kikuu cha Moi miongoni mwa wanachama wake. Unawafunza uzamivu wafanyakazi wa vyuo wanachama, na wanafunzi wake hukutana katika semina nne za pamoja katika kipindi cha masomo. Kwa miaka kadhaa masharti yake ya umri yaliwapa wanawake nafasi hadi miaka 45 na wanaume 40, kwa kutambua kwamba mhadhiri wa kike mara nyingi hupoteza miaka kadhaa kwenye uzazi na malezi. Mstari mmoja tu wa tangazo, lakini umeandikwa na watu wanaojua kinachotokea ndani ya nyumba. Mpango wa DELTAS, ulioanza 2015 na ambao sasa uko chini ya Wakfu wa Sayansi kwa Afrika wenye makao yake Nairobi, unataka taasisi ya Afrika iongoze. Fedha za mipango hiyo, hata hivyo, bado zinatoka kwa sehemu kubwa Ulaya na Amerika.

Fedha za Kenya zenyewe ziko wapi? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kusema upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Lengo hilo halijawahi kukaribiwa. Mfuko ulianza kutoa wito wa maombi miaka michache baadaye na umewafaa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, lakini kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na mahitaji. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliwapa wahadhiri miaka mitano wawe na shahada ya uzamivu, na hapo nchi ikawa imeagiza maelfu ya watafiti bila kutenga gharama ya kuwafunza. Pengo hilo ndilo ruzuku za kigeni zimekuwa zikiziba, na ndiyo sababu mabadiliko ya fomu moja huko Bethesda, makao ya NIH, yanatikisa idara nzima Uasin Gishu.

Pigo kubwa kuliko fomu, pengine, ni muda. Kituo cha Fogarty kina ruzuku ya watafiti chipukizi ijulikanayo kama K43, inayomtaka mwombaji awe na kazi katika chuo au taasisi ya nchi yake na aambatanishe barua ya mwajiri ikiahidi kwamba kwa miaka mitatu hadi mitano robo tatu ya muda wake wa kazi itakuwa ya utafiti na mafunzo. Barua hiyo huandikwa kwa urahisi na kutekelezwa kwa shida. Mhadhiri yuleyule anafundisha madarasa yaliyofurika, anasahihisha mamia ya karatasi, anazunguka wodini, na katika miaka ya karibuni amepitia mgomo mrefu wa Chuo Kikuu cha Moi mwishoni mwa 2024 na mgomo wa kitaifa wa Septemba hadi Novemba 2025, ambao ulifuatwa na mihula iliyobanwa na masomo ya mwishoni mwa wiki. Mkuu wa idara anayetia saini barua ya robo tatu ya muda anajua kwamba kesho asubuhi hana mwingine wa kuingia darasani. Ruzuku yenyewe inaruhusu sehemu ya mshahara wa mtafiti ilipwe kutoka kwenye bajeti yake. Chuo kinaweza kuamua, kwa kanuni iliyoandikwa na kupitishwa na baraza lake, kwamba kiasi hicho kinachookolewa hakiingii kwenye kapu la jumla bali kinabaki idarani kumwajiri mhadhiri wa muda atakayebeba madarasa hayo. Kanuni hiyo haihitaji idhini ya mfadhili yeyote, na inaweza kupitishwa kabla ya tarehe ijayo ya kutuma maombi.